Florini Nyeusi ya Nabwile

Shangazi yangu Nabwile alipima mahindi ya watu kwa miaka kumi na tisa kwenye ghala la chama cha ushirika pale Kitale, na wakulima wengi hawakujua jina lake. Walimwita Mama Gredi. Alisimama langoni na koti lake la kijivu, akadunga gunia kwa chuma chembamba chenye mfereji, akamwaga punje kiganjani, akauma moja. Kabla hajaziweka kwenye mashine ya kupima unyevu, alishajua.

"Kumi na sita," anasema, na ghala halipokei unyevu unaozidi kumi na tatu na nusu. Mashine inasema kumi na sita nukta mbili. Mkulima anaanza kuapa kwamba ni mvua, ni watoto walisahau kufunika. Shangazi anamsikiza mpaka amalize. "Pole, bana. Kaanike tena."

Mwaka 2004 ghala lilifungwa. Wafanyakazi walipewa barua ya aya mbili, na shangazi akarudi shambani kwake Saboti. Huko ndiko alikoona kile ambacho langoni hakuwa amekiona vizuri. Wanunuzi walifika na malori mpaka mlangoni mwa mkulima. Walipimia gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, ambao tako lake lilikuwa limegongwa kwa nyundo likatokeza nje, ukameza zaidi ya kilo mbili. Wakienda kuuza mjini walikuwa na mkebe mwingine, ambao tako lake liligongwa likaingia ndani. Juu ya hayo, mnunuzi aliuma punje, akatema, akasema, "Hii ni maji." Bei ikashuka hapo hapo. Mkulima alijibu nini? Alipokea alichopewa. Mimi nauita wizi, kwa sababu sijapata neno lingine, na kinachoniuma zaidi ni kwamba ulifanywa mchana, watu wakisalimiana na kuulizana habari za watoto.

Shangazi angeweza kumjibu mnunuzi, maana meno yake yalijua. Lakini meno si ushahidi. Alichohitaji ni mashine. Duka moja la zana za kilimo Kitale lilikuwa na mashine ya unyevu iliyotumika, shilingi elfu kumi na nane, na kila alipokwenda mjini aliingia dukani kuitazama. Mwenye duka alishamzoea. Alikuwa akimpa hata kiti.

Januari 2005 babu yangu Khisa alifariki kwake nje ya Bungoma. Chini ya nguo zake tulikuta kitambaa kilichofungwa fundo, na ndani yake sarafu mbili kubwa za fedha, nyeusi kama makaa, zenye kichwa cha mfalme na mwaka 1920. Zilikuwa florini, pesa iliyotumika kwetu muda mfupi sana kabla shilingi haijaingia. Alizipata kutoka kwa baba yake, na huyo alizipataje hakuna aliyejua. Wazee wa ukoo waliona mambo yasiwe mengi: moja ichukuliwe na Nabwile, moja na kaka yake Nyongesa, ambaye ni baba yangu.

Baba ni mwalimu mstaafu. Ni mtu ambaye unaweza kujiona usoni ndani ya sufuria zake, na viatu vyake pia. Wiki hiyo hiyo aliisugua florini yake kwa majivu na ndimu, akamalizia kwa steelwaya, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, mpaka mfalme akang'aa kama kijiko cha harusi. Kisha akaipeleka kwa Festus, fundi wa saa pale Bungoma aliyekuwa ameanza kununua sarafu za zamani. Festus alimpa elfu mbili. Baba alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Shangazi alipokuja na florini yake kwenye leso, baba alikuwa amekwisha kukata ndimu.

"Lete hapa niing'arishe."

"Usiguse!"

"Dada, utaenda kumuonyesha mtu kitu kimeshika masizi namna hiyo? Atasema sisi ni watu gani?"

"Wewe ulishaona nani anaosha mahindi ndiyo ayalete kupimwa?"

"Hii si mahindi."

"Basi nani alikwambia ni sufuria?"

Mama yangu alicheka hadi akaweka chini uteo.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka huo, sina kazi, nina muda. Nikampeleka shangazi sehemu moja ya mtandao Kitale, tukalipia dakika thelathini, nikamsomea. Ng'ambo kuna kampuni ambazo kazi yake ni kupima sarafu tu. Zinasema kama ni ya kweli, zinaipa namba kati ya moja na sabini kulingana na ilivyochakaa, sabini ikiwa mpya kabisa, kisha zinaifunga ndani ya kipande cha plastiki kisichofunguka bila kuvunjwa. Florini yenye namba iliuzwa kwa bei mara kadhaa zaidi ya isiyo na namba. Iliyosuguliwa haikupewa namba kabisa, ilirudishwa na maelezo kwamba imeharibiwa.

Shangazi alisoma sentensi hiyo ya mwisho mwenyewe, polepole, kidole kikiwa kwenye kioo. "Usimwambie baba yako," alisema. "Si leo."

Kampuni tuliyoichagua ilikuwa Marekani, na ilikuwa na wakala Johannesburg. Kupima, kutuma, bima na kurudisha kungefika kama elfu tano na mia tano. Hiyo ilikuwa bei ya mbuzi wake wawili. Wakisema ni bandia, au kwamba iliwahi kusuguliwa na mtu miaka mingi iliyopita, mbuzi wameenda, na mashine imeenda nao.

"Uuze mbuzi wawili ili shilingi ikatembee Johannesburg?" Baba aliposikia alishika kiuno. "Hata mimi sijawahi kufika Johannesburg!"

Na kulikuwa na njia ya karibu. Festus naye alikuwa anapima. Kwa mia tano tu alikupa cheti chenye mhuri, kimefunikwa plastiki ngumu, na namba juu yake. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyempigia debe Festus. Nilisimama jikoni kwa shangazi nikasema maneno makubwa. Kwa nini kitu chetu kivuke mipaka ili mzungu aseme thamani yake? Tutaamini macho yetu lini? Festus ni mtu wetu, ana kioo cha kukuzia, anajua kazi. Nilisema mengi, na mpaka leo sijayakana yote.

Shangazi alikuwa akichambua maharagwe. "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Pale ghalani, akija mpimaji mpya, tulikuwa tunachukua mahindi ya gunia moja, tunaweka kwa magunia mawili, tunampelekea na watu wawili tofauti. Akisema namba ile ile mara zote mbili, huyo ni mpimaji. Akisema namba mbili tofauti, anarudi nyumbani. Sasa twende tumpelekee Festus magunia."

Siku ya Jumatatu alikwenda Bungoma yeye mwenyewe na florini yake nyeusi, akasema anataka kuuza. Festus aliigeuza chini ya kioo, akashusha pumzi.

"Mama, hii imechakaa. Nyeusi hivi? Kwa kipimo changu haifiki hata kumi na tano. Nikupe elfu mbili, na ni vile nimemheshimu marehemu."

"Acha nifikirie," shangazi akasema.

Ijumaa nikaenda mimi. Festus hakunijua, maana miaka minne nilikuwa chuoni. Nilivaa shati langu la mahafali nikasema natafutia bosi wangu zawadi ya kizamani.

"Niaje, brother. Umefika mahali penyewe." Akafungua droo, akatoa florini inayong'aa. Niliijua papo hapo, kwa sababu steelwaya ya baba ilikuwa imemwachia mfalme mistari shavuni. Kando yake palikuwa na cheti chenye mhuri. Sitini na tano.

"Sitini na tano kati ya sabini," Festus akasema. "Angalia hiyo kung'aa! Kama ilitoka kiwandani jana. Nimeipima mwenyewe. Elfu ishirini na tano, na kwa sababu ni wewe."

Sarafu hizo mbili zilikaa kwenye kitambaa kimoja na fundo moja miaka yote. Zilichakaa pamoja. Kuna tofauti moja tu kati yao: moja Festus alikuwa anainunua, nyingine alikuwa anaiuza.

Nilirudi nikiwaka moto. Nilitaka kwenda polisi, nilitaka kuandika gazetini. Shangazi aliniwekea chai.

"Kaa chini, Ian. Festus anazijua sarafu. Hiyo sikuwa na shaka nayo. Lakini anayepima asinunue. Akinunua, jicho lake linasikiliza tumbo."

"Kwa hiyo ni wazungu tu?"

"Nani amesema wazungu? Hata Festus akifunga droo yake, asinunue wala asiuze, nitampelekea kesho. Saa hii hapa hakuna mpimaji wa namna hiyo. Kwa hivyo itaenda kule waliko."

Aliuza mbuzi wake Jumamosi, kwa jirani. Jumatatu tulikuwa kwenye ofisi ya kutuma vifurushi Kitale. Karani aliuliza ndani mna nini. "Florini moja," shangazi akasema, "na haijasuguliwa." Karani aliandika ya kwanza, ya pili akaiacha.

Wiki kumi na moja zilipita. Duka la zana liliweka mashine dirishani na bei mpya, elfu kumi na saba. Shangazi aliogopa kwamba mtu mwingine ataiona, akaacha kupita barabara hiyo. Baba alimuuliza kila Jumapili kwa simu kama florini imepata mchumba huko kusini.

Kifurushi kilirudi mwezi wa saba. Tulikifungua mezani. Florini ilikuwa nyeusi vile vile, imelala ndani ya plastiki safi, na juu yake namba: arobaini na tano.

Mimi nilivunjika moyo. "Arobaini na tano tu? Kati ya sabini?"

Lakini shangazi alikuwa anatabasamu. "Imetumika hii. Imepita mikononi mwa watu. Mimi nilikuwa nimeipa arobaini." Akaishika kwenye mwanga. "Wameniongeza tano."

Niliandika habari za florini hiyo kwenye mtandao pamoja na namba. Baada ya siku tisa daktari mmoja mstaafu wa Nairobi, mkusanyaji, alipiga simu. Hakuuliza kama ni ya kweli, na hakuomba kuiona kwanza. Aliuliza bei. Walikubaliana elfu ishirini na tatu, akaja Kitale mwenyewe kuichukua.

Jioni hiyo baba alisikia yote kwenye simu, pamoja na kilichoipata florini yake kwa kusuguliwa. "Yangu ingepata ngapi, dada?"

"Sijui, Nyongesa. Haikupimwa."

Sokoni Saboti, mwezi wa kumi na moja, shangazi aliweka mashine aliyoinunua juu ya meza ndogo ya mbao. Kupima ni shilingi kumi kwa gunia. Aliyetangulia alikuwa Kimeli, mkulima wa upande wa mlimani, aliyeshusha magunia sita kutoka kwenye mkokoteni. Mashine ilisema kumi na saba.

"Ati nini?" Kimeli akasema. "Si wewe uko upande wetu?"

"Mimi niko upande wa mahindi."

Mnunuzi mmoja aliyekuja na lori alicheka kwa sauti. "Si nilisema ni maji?" Kimeli akaanza kurudisha magunia kwenye mkokoteni, amekasirika, hataki kumtazama mtu.

Wa pili alikuwa Wacera, mjane mwenye ekari mbili. Mnunuzi hakungoja. Aliuma punje yake, akatema. "Hii pia ni maji. Nakata mia mbili kwa gunia."

Shangazi alimwaga punje kwenye mashine, akaigeuza ili kioo kimtazame mnunuzi.

"Soma wewe," Wacera akamwambia. "Soma na sauti, wote wasikie."

Mnunuzi aliangalia mashine, akaangalia watu waliokuwa wamesogea.

"Kumi na tatu nukta moja," alisema.

Kimeli, gunia likiwa begani, alisimama. Akageuka kumtazama mnunuzi akihesabu bei kamili, noti moja moja, mkononi mwa Wacera. Kisha akapakia gunia lake la mwisho na kumwambia shangazi, bila kucheka, kwamba atayaanika siku tatu, nne kama kuna mawingu, na asithubutu kuwa ameenda mahali.