Kwa nini sivai viatu mpaka leo: siku tulipomtafuta baba yangu kwa unyayo

Wakuu, habari za humu. Wazee wenzangu nawaamkua. Vijana, shikamoo zenu nimeshazipokea hata kama hamjazitoa.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe, sikuyasikia redioni. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo palipokosewa herufi rukeni tu muendelee.

Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja wa Dar. Anasema yeye na wenzake wanapanda milima pekupeku, eti ni afya. Mkamcheka sana, mkamwambia akanunue raba.

Nikasema ngoja na mimi niseme. Mimi natembea pekupeku mpaka leo. Sokoni, benki, hospitali, kote. Mlinzi mmoja hapa Mtwara mjini aliwahi kunisimamisha getini.

"Mzee, viatu viko wapi?"

Nikamwambia, "Vimegoma kuja."

Akacheka, akanipisha. Lakini wakuu, sababu yangu haichekeshi.

Kwetu ni kule chini, Ruvuma inapoingilia baharini. Ng'ambo ya mto alikuwa Mreno, na vita ilikuwa inapigwa. Usiku unasikia mizinga, asubuhi unaenda kupalilia muhogo kama kawaida.

Zamani tulikaa kila mtu kwenye mikorosho yake. Ulipokuja ujamaa tukahamishiwa kijiji kimoja, nyumba zimepangwa kwenye mstari, shule hapa, zahanati pale. Sisemi vibaya, dada yangu Zuhura alijifungua salama kwenye zahanati ile. Ila watu tulihama, mikorosho ikabaki ilikokuwa. Msimu ukifika watu wazima wanarudi kwa miguu kuokota korosho. Asubuhi unatoka, unafika jua limeshakuwa kali.

Na miguu yenyewe mitupu. Mwenye viatu kijijini alikuwa mwalimu na bwana shamba, basi.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri.

Sisi tulikuwa tunatambuana kwa unyayo. Mama yangu alikuwa anafagia uwanja, anainama kidogo, anasema, "Mjomba wako kapita alfajiri, na alibeba mzigo, ona kisigino kilivyozama." Na kweli, jioni mjomba anakuja na gunia. Hata matusi yalikuwa ya nyayo. Wanawake wakigombana kisimani utasikia, "Nenda zako na mguu wako kama mwiko!"

Mguu wa baba ulikuwa haufichiki. Kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kilikatwa na jembe akiwa kijana. Akikanyaga mchanga unaona vidole vinne na kashimo.

Ilipokuja vita, hiyo habari ya nyayo ikawa ndiyo uhai wetu. Njia za karibu na mto zilikuwa na mabomu yamefukiwa. Kwa hiyo unakanyaga pale palipokanyagwa na mguu unaoujua. Ukikuta alama ya kiatu porini, hiyo ni ya mtu wa vita. Huifuati. Huiti mtu. Unarudi kimya, unatoa taarifa. Mgambo walitufundisha hivyo na wazee wakakubali, maana kuna watu walishakufa.

Basi msimu mmoja baba akaondoka kwenda kwenye mikorosho. Mama akamkataza, maana mguu wa baba ulikuwa na magaga yamepasuka mpaka nyama inaonekana. Na mkijua mafuta ya ganda la korosho yanavyounguza, mtajua yakiingia kwenye mpasuko inakuwaje. (Magaga siku hizi mnapaka mafuta ya kwenye kopo. Sisi tulipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na kitunguu. Yanasaidia, jaribuni.)

Baba akasema, "Korosho zinaoza chini, mimi nikae naangalia mguu?"

Akaenda. Pekupeku, sote tulimwona.

Siku ya kurudi hakurudi. Kesho yake tukatoka kumtafuta, mimi na Mfaume aliyekuwa kiongozi wa mgambo, na wanaume wengine wa pale kijijini. Mimi nilikuwa mtu mzima tayari, nina mke.

Tukafika njia panda. Kulia unapanda kwenye mikorosho, njia ya mawe isiyoshika alama. Kushoto unashuka kwenye mikoko, kuna kijito na gogo la kuvukia, ndiyo njia ya mkato ya kurudi kijijini. Tukatazama kushoto.

Kiatu. Tena cha tairi, meno yake yamejichora kwenye tope vizuri kabisa.

Mfaume akanyanyua mkono. Tukasimama wote.

Akaninong'oneza, "Huyu si wetu."

Nikamwambia, "Lakini baba hupenda kupita huku."

"Baba yako ana tairi mguuni? Unataka tumfuate huyu atupeleke kwenye bomu? Rudi nyuma, kanyaga ulipokanyaga."

Na mimi niliona ni kweli. Yeyote wa kwetu angeona ni kweli.

Tukanong'onezana pale kidogo, tukapanda kulia. Kule juu tukakuta nyayo za baba tele, vidole vinne na kashimo, chini ya kila mkorosho. Tukafurahi wenzenu. Tukazifuata huku na huku, tukawa tunaita sasa, "Baba! Mzee!" Kumbe ni za siku za kuokota. Korosho zake tukazikuta kibandani zimefunikwa vizuri. Mtu hayupo.

Jua likazama, tukarudi.

Asubuhi yake akaja shemeji yangu Bakari, mume wa Zuhura. Yeye alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, upande wa pwani. Kule chumvi inakata miguu, kwa hiyo wanavaa katambuga za matairi. Amesikia mzee kapotea, amekuja mbio, jasho linamtoka. Nikaona miguu yake mitupu ila sikuwaza kitu.

Mama akamweleza tulikopita. Mfaume naye akaongeza habari ya adui mwenye tairi.

Bakari akauliza, "Tairi? Meno yake yamekaaje?"

Mfaume akamchorea chini kwa kijiti.

Bakari akakaa chini hapohapo. Akasema, "Mama, hivyo ni viatu vyangu. Nilipita kwa mzee kibandani anajiandaa kurudi, nikaona mguu unatoa damu, nikavivua... nikavivua nikampa."

Tulishaanza kukimbia.

Baba tulimkuta chini ya lile gogo la kijito. Alikuwa amevuka pale pekupeku tangu utoto wake, vidole vinashika mti kama mkono. Siku ile na katambuga akateleza. Nyonga ilivunjika. Maji ya bahari yakijaa yalikuwa yanamfika kifuani, yakipwa yanamwacha kwenye tope. Kaa walishaanza kumsogelea.

Alikuwa hai wakuu. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Tukakata fito, tukafunga kanga na shuka, tukamlaza. Nikampa maji kwa kiganja. Akanitambua.

Nikamwambia, "Baba, jana tulikuja, tukaogopa kiatu."

Akanitazama. Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Mlikuwa ninyi?"

"Ndiyo baba. Pale juu, njia panda."

Akasema, "Nilisikia watu wananong'ona. Nikajua ni wale wa ng'ambo. Nikaziba mdomo kwa mkono nisikohoe."

Mfaume alikuwa ameshika fito ya mbele. Hakugeuka.

Njiani baba akawa anaongea maneno kidogokidogo. Akasema, mtu akipewa viatu na mkwewe havivui mbele yake, ni dharau. Alikuwa amepanga akifika mbele avivue, avibebe mkononi. Kisha akasema, "Lakini mguu ulipoa. Miaka yote haujapoa vile."

Tulipofika kwenye mihogo ya kwanza ya kijiji nikaona mkono umening'inia. Tukaweka machela chini, tukamfumba macho.

Tulimzika siku ileile. Bakari alichimba kaburi, hakumpa mtu jembe. Wakati wa chakula cha matanga akabaki nje, amesimama juani. Mama akatoka mwenyewe.

"Bakari mwanangu, ulimpa kwa sababu alikuwa anaumia. Ingia ule."

Akaingia. Akala. Lakini kwenye chumvi alirudi pekupeku, na chumvi ikamla miguu mpaka vidonda vikawa haviponi. Zuhura alimlilia, mama alimsihi, mimi mwenyewe nilimpelekea viatu vya turubai kutoka Mikindani. Alivipokea kwa mikono miwili, akavitundika ukutani. Miaka ya mwisho alikuwa anatambaa. Alikufa kabla ya dada yangu, na vile viatu vilikuwa vipya.

Mimi nikaacha viatu kabisa. Si nadhiri, na wala sishauri mtu. Mwanzoni nilijiambia kwamba nikianguka mahali, watu wangu wauone mguu wangu waujue.

Ila niwe mkweli kama nilivyoanza. Hilo limeshakufa. Hapa mjini ni lami na saruji, hakuna alama. Wanangu ukiwaonyesha nyayo zangu na za jirani hawatofautishi. Natembea tu kwa sababu miguu imezoea, na nikijaribu kuvaa naona kama nimeziba mdomo wa mtu.

Kwa hiyo kijana wa Dar unayepanda milima, mguu wako ni wako, panda. Ila kabla hujatoka waambie watu wa nyumbani umevaa nini mguuni, na ukibadilisha njiani mwambie mtu. Na nyie mnaomtafuta mtu, iteni. Iteni jina lake kwa sauti hata kama mnaogopa. Sisi woga wetu ulikuwa na sababu zote, na baba alikuwa hapo chini, angeweza kutujibu.

Nimemaliza, macho yameanza kuuma.

Niulize na mimi: kuna mwingine humu aliyewahi kupita karibu na mtu wake bila kujua? Au aliyepitwa? Andikeni. Mimi nasoma taratibu, lakini nasoma yote.