Wifi Aliyenifukuza Shambani Ameletwa Mbele ya Baraza Langu

Admin, jina langu baki nalo wewe, na kijiji chetu usikitaje. Sema tu ni huku Hombolo, maana huku kila mtu siku hizi ana simu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, mjane, nina watoto watatu. Jambo ninalowaandikia linaamuliwa Alhamisi hii, na moyo wangu si mzuri.

Mimi na marehemu mume wangu tulipanda zabibu kwenye kipande alichopewa na baba yake kikiwa pori. Visiki tuling'oa wote wawili. Mwaka wa kwanza mvua ilikata mapema, nikawa nabeba maji bwawani kwa ndoo na mimba ya mtoto wa pili tumboni, nanyweshea mche mmoja mmoja. Hata kupogoa nilijifunza mimi kwanza, nikamfundisha yeye. Sitafuti sifa. Nataka mjue kilichochukuliwa ni nini.

Mume wangu aliumwa kidogo tu, akafariki. Siku ya kuanua matanga ukoo ukakaa uani. Mashemeji walikuwa wanasitasita, mmoja akasema niachiwe nusu kwa ajili ya watoto. Ndipo akasimama wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu. "Shamba ni la kaka yangu," akasema. "Huyu alikuja kwetu na begi, na begi lake lipo ndani. Kesho akiolewa huko Mkonze, mwanaume mwingine ale zabibu za baba yetu?" Watu wakacheka. Kwenye msiba wangu, Admin, watu walicheka. Shamba akapewa mtoto wa kiume wa wifi huyo, na mizabibu ilikuwa imebeba, bado kukata tu. Nikarudi kwa mama yangu, kitongoji cha pili. Mpaka leo nalima mashamba ya kukodi, na msimu wa kuvuna nazunguka njia ndefu ya sokoni nisiwaone wakikata pale.

Sasa sikilizeni. Miaka ikapita, kijiji kikatakiwa kuunda upya baraza la ardhi, lile linalosuluhisha ugomvi wa mashamba. Mtendaji akawaambia wazee kwamba sheria inataka wajumbe saba, na wanawake wasipungue watatu. Wawili wakapatikana, wa tatu hawamjui wamtoe wapi, na wanataka kwenda kula. Mmoja akaninyooshea kidole. "Mwekeni huyo, hana maneno." Nikakubali. Kwenye mafunzo mwalimu mmoja mama akatueleza kwamba mke aliyelima shamba la ndoa ana haki yake pale, mume awe hai au amekufa. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nikaenda kulia nyuma ya choo. Kumbe haki ilikuwepo siku ile ya matanga, na hakuna hata mmoja aliyeninong'oneza.

Mwezi uliopita mume wa wifi yangu alifariki. Shemeji zake wamemwambia aondoke kwenye shamba la zabibu alilolima na mumewe tangu ujana. Kesi ikaletwa kwetu.

Kabla ya kikao alikuja nyumbani jioni na jogoo kwapani. Mtu aliyenizidi umri mbali, akasimama mlangoni akaniamkia mimi. "Shikamoo, wifi." Sikuitikia. Akapiga magoti. "Wifi yangu, wewe ni mwanamke mwenzangu. Unajua uchungu huu."

Nikamwambia, "Siku ile ya matanga mimi nilikuwa nani?"

Akainama. Nikamwambia anyanyuke, aondoke na jogoo wake. Nawaambia ukweli, usiku ule nililala usingizi mtamu ambao sijaupata tangu nifiwe.

Kikao kikaja. Wanaume watatu wako upande wa shemeji zake, wa nne anasita. Wale wanawake wenzangu wawili wananiangalia mimi. Nikaomba kusema, na wazee wakashtuka kusikia sauti yangu. "Mama, kabla hatujaendelea, waambie watu ulisema nini siku ya kuanua matanga ya kaka yako."

Alikataa. Nikasema nitasubiri. Akalia, kisha akayasema yote, na begi, na Mkonze. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikasema, "Mmesikia. Basi tumfanyie kama alivyosema mwenyewe."

Mjumbe mwenzangu, mama Neema, akanishika mkono, akaomba kikao kiahirishwe. Nje akanivuta pembeni. "Dada, umemlipa, imetosha. Baraza likisema leo mjane hana shamba, kesho nani atatusikiliza? Na lako utalidai kwa maneno gani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Shamba langu analo mtoto wake. Nikimpa haki yake Alhamisi, Ijumaa naweza kusimama mbele ya watu hao hao nidai langu kwa uamuzi huo huo, nimng'oe mwanawe na mama yake akiona. Hilo nalitamani. Lakini kuna kingine nakitamani zaidi, Mungu anisamehe: kumwona akitoka kwenye geti la kwake na begi, watu wakimwangalia, kama mimi. Nikipata hicho, nimejifungia mlango wangu mwenyewe, na wa binti zangu wawili, na wa kila mwanamke wa kijiji hiki anayeamka alfajiri kulima shamba lenye jina la mtu mwingine.

Wapo watakaosema nijitoe kwa kuwa ni ndugu. Pengine ndiyo haki. Lakini nikitoka, wanaume wale wanashinda, na kiti changu wataweka mwingine asiye na maneno.

Ndugu zangu, mkono wangu nitaunyooshea wapi Alhamisi? Niambieni mapema. Ila msiniambie nimsamehe. Hilo sijauliza.