Filta Niliyoiosha kwa Sabuni

Harufu ya dizeli ikinifikia puani, moyo wangu huanza kwenda mbio. Wenzangu hulalamika kwamba inawaumiza kichwa. Mimi huangalia saa. Nivumilieni niwasimulie kwa nini, maana hata leo nikiikumbuka siku ile siwezi kukaa kitako.

Nilikuwa na miaka tisa, na pale kijijini Yakobi tulikuwa tumebaki wawili, mimi na baba. Mama alikuwa Mbeya kwa dada yake, miezi sita sasa, na aliondoka kwa sababu ya pikapu ya baba. Babu, baba yake mama, alipofariki kule Iwawa, baba alikataa katakata tupande basi. Gari lipo, akasema. Gari hilo likatuzimikia mlimani, kwenye baridi ya kukata masikio. Filta ya dizeli ilikuwa imeziba, na baba alikuwa ameambiwa aibadilishe tangu mvua za kwanza. Kila siku kesho, kesho. Mama akatangulia kwa miguu; sisi tulipofika, babu alikuwa ameshazikwa. Mama hakugomba. Tuliporudi nyumbani alifunga begi, akabeba na cherehani yake.

Halafu jirani yetu mwalimu, ambaye peke yake ndiye aliyekuwa na simu ya mkononi mtaani, akaleta ujumbe. Alhamisi saa sita mchana mama angeshuka Makambako. Asipomkuta baba stendi, anapanda basi la kurudi Mbeya. Nikasema sisi twende kwa basi. Baba akanikata jicho.

"Nikimfuata kwa basi, si nimekubali kwamba gari langu ni bovu? Atanicheka mpaka uzee."

Ubishi wa baba yangu, jamani! Nami nimeurithi wote, mume wangu ni shahidi.

Alhamisi asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Baba alitandika gunia kando ya gari, akapanga spana zake, na juu ya ndoo akaiweka filta mpya, kopo lenye matundu upande mmoja. Akanieleza kazi yake: ndani kuna karatasi iliyokunjwakunjwa inayochuja uchafu usifike kwenye injini. Uchafu kidogo tu, gari halipumui. Kisha akaenda kwa mwalimu kuazima mkanda wa kufungulia ile ya zamani, iliyokuwa imeng'ang'ania.

Nikabaki naiangalia ile mpya. Ilikuwa na vumbi la dukani. Kwa mama hakuna kitu kipya kilichotumika bila kuoshwa, iwe sahani, iwe kikombe, hata shuka. Na mama ndiye aliyekuwa anakuja! Nikachukua maji ya moto na sabuni ya kipande, nikatia povu humo ndani, nikasuuza mara tatu, nikakung'uta, nikaifuta kwa kanga mpaka ikang'aa. Nilijiona nimeokoa ndoa ya watu.

Baba alirudi, asione kitu. Akaing'oa ya zamani, akapaka dizeli kwenye mpira wa ile mpya, akaijaza dizeli na kuikaza kwa mikono. Juu yake kuna pampu ndogo ya mkono. Akaibonyeza mpaka ikawa ngumu, hewa yote imetoka. Akawasha. Gari likaunguruma, nami nikaruka kwa furaha. Mara likakohoa, likatetemeka, likazima. Akabonyeza tena, akawasha tena, kimya. Redioni wakatangaza saa tano.

Akaifungua filta na kuimimina kwenye beseni. Dizeli ilielea juu, maji yakakaa chini, na pembeni vipovu. Akanusa. Akanigeukia.

"Umefanya nini?"

"Nimeiosha, baba."

"Umeiosha?"

"Na sabuni. Ilikuwa na vumbi."

Nilisubiri kofi. Baba aliketi kwenye gunia, akashika kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na hadi leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Kisha akainuka. Karatasi ya filta mpya ilikuwa imelowa chapachapa, haifai, kwa hiyo akairudisha ile ya zamani iliyoziba. Akalegeza mirija, akabonyeza pampu mpaka ikatoka dizeli tupu. Gari likawaka kwa shida.

"Panda!"

Weee, safari ile! Mteremko tunakwenda, lakini tukianza tu mlima gari linaishiwa pumzi. Baba anaruka, anafungua boneti, anabonyeza pampu, anarudi mbio, tunasogea, linazima tena. Mashamba ya chai hayakutaka kuisha. Mwenye baiskeli ya mkaa alitupita mlimani, akatupungia mkono. Mimi nilikuwa nasali kwa sauti, nikiwaapia watakatifu wote kwamba sitaosha tena kitu maishani mwangu. Saa sita ilitukuta njiani. Saa saba nayo. Baba alikuwa anauma mdomo tu.

Tuliingia Makambako inakaribia saa nane. Baba aliacha mlango wazi, akakimbia stendi shati nje, mikono myeusi, anagonga watu huku anaomba radhi. Nikamfuata nikilia. Mama alikuwa ameketi juu ya sanduku la cherehani yake, godoro na sufuria na jiko la mkaa vimemzunguka, anatafuna karanga.

"Umechelewa," alisema.

"Filta," baba alihema. "Niliingiza maji kwenye filta, mke wangu. Kosa langu."

Nikafungua mdomo; baba akanikanyaga kidole cha mguu. Mama alimtazama toka kichwani hadi miguuni, akasonya, kisha akamkabidhi godoro.

Kwa miaka mingi niliamini tuliokolewa na bahati, kwamba siku hiyo mabasi ya Mbeya yalikuwa yamejaa. Nilipokuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilimwungamia mama habari za sabuni. Alicheka mpaka akafuta machozi. Nikamuuliza ni mabasi mangapi yalipita amekaa pale.

"Sikuyahesabu. Ningepanda vipi na godoro na cherehani? Kwa dada yangu nilikuwa nimeshahama, narudi nyumbani."

"Sasa ule ujumbe ulikuwa wa nini, mama?"

Kicheko kikamwisha.

"Siku ya kumzika baba yangu nilikimbia mlima wote ule kwa miguu, nikakuta kaburi limefukiwa. Nilitaka na baba yako akimbie, asijue kama atawahi. Siku moja tu."