Mtani Aliyekula Dawa Yangu ya Mafua

Mwanangu sasa anatembea, lakini hasira yangu ya siku ile bado haijaachishwa ziwa.

Nilishikwa na mafua akiwa na miezi minne. Mafua tu, si kifua kikuu. Mama mkwe akambeba mtoto, akahamia naye chumbani kwake mpaka nipone. Amri yake: nitaletewa akilia njaa, nijifunge khanga puani, akishiba anarudi kwa bibi yake. Nikawa namnyonyesha mwanangu nimejifunika kama jambazi. Cheti cha kidato cha nne ninacho, ila mbele ya mama mkwe hakina kazi.

Nikaenda dukani kwa Mhindi, Lindi mjini. Ndizo enzi hizi za ruksa, bidhaa za nje zimefunguliwa. Rafu zilizozoea viberiti na vumbi zilijaa dawa za Ulaya. Akanipa chupa ya dawa ya maji ya elderberi, yenye picha ya vitunda vyeusi kama zambarau zilizodumaa, na kikopo cha vidonge vya zinki, vya kumung'unya.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, dada. Siku tatu pua kavu."

"Nikivimaliza leo?"

"Utaharibu ulimi, dada, chakula chote kitabadilika ladha."

Siku tatu tu, mwanangu arudi kitandani kwangu! Nilitembea kama bibi harusi.

Nyumbani nikamkuta mtani wa ukoo wa mume wangu, kaja kutoka Rutamba. Mtani huchukua anachotaka, na ukinuna, asiye na adabu ni wewe. Nikaenda kumletea maji. Niliporudi, mfuko wangu u wazi, chupa tupu, na mashavu yake yametuna vidonge kama panya buku.

"Shemeji, pipi zenu ngumu! Lakini juisi, ah!"

"Hiyo ni dawa yangu ya mafua!"

"Basi mimi siumwi tena mpaka kiama."

Mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi nikatabasamu, ndiyo mila. Taya ziliniuma kwa lile tabasamu.

Kikaja chakula: wali wa nazi na mchuzi wa samaki, kapika mama mkwe mwenyewe, mtoto mgongoni. Mtani akatia tonge, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Mama, umeunga misumari?"

"Nini?"

Akatia jingine. "Wallahi, mchuzi una ladha ya bati."

Hakuna aliyewahi kuusema vibaya mchuzi ule akabaki salama. Mama mkwe akaonja. Akaonja tena.

"Bati? Mimi? Ulimi wako ndio umeota kutu, mjinga wee!"

Akamfungua mtoto mgongoni, bila hata kunitazama.

"Shika mtoto wako, nimletee huyu sufuria aione ilivyosuguliwa!"

Nikamshika. Sufuria tatu zikaletwa sebuleni kukaguliwa, na mwiko. Wakati huo mimi nipo chumbani, komeo nimetia, mtoto ananyonya, nageuza shingo nikipiga chafya. Mtani alipokuja kugonga akiomba limau asukutue kinywa, nikamjibu kupitia mlango kwamba mgonjwa amelala.