Kadi za Bi Kawasoe

Siku ya kwanza Iwakiri Tokuo alipokwenda kununua kadi za Bi Kawasoe, alijibiwa, "Nitalifikiria." Pale Nichinan, mji mdogo wa kusini mwa Japani, jibu hilo ni "hapana" iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Mtu mwenye adabu hulisikia, humaliza chai yake na kuaga. Iwakiri akaomba kikombe cha pili. Alianza maisha akiuza penseli na madaftari juu ya baiskeli, tangu ana miaka kumi na mitano, na sasa alikuwa na kiwanda chake kidogo cha kuchapa vitabu vya mazoezi kwa wageni wanaojifunza Kijapani. Milango aliyofungiwa usoni ilikuwa mingi mno kwake kuogopa mmoja zaidi.

Kadi zenyewe, mia mbili na ushee, zilikaa ndani ya makopo manne ya biskuti. Bi Kawasoe alikuwa amestaafu posta, na kila Jumanne alifundisha bure kwenye ukumbi wa mtaa. Wanafunzi wake walikuwa Wavietnamu wa kiwanda cha kuku na Wanepali wa nyumba ya wazee, watu waliokwisha kuvuka hatua za mwanzo. Kuuliza njia wanajua, kununua wanajua, ila hukwama pale lugha inapowaletea misemo miwili inayofanana kama mapacha. Vitabu huipa yote miwili maana moja na kwenda zake. Bi Kawasoe hakuwa na subira na vitabu hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alikwenda sokoni, kwa kinyozi, zahanati, akatega sikio, kisha akarudi nyumbani kuandika kwenye kadi nani kasema, kwa nani, na kwa uso gani.

Iwakiri akachomoa kadi moja. Upande mmoja mzee Hinokuma, mkulima wa figili, anamwambia mkewe, "Mvua hii ndiyo iliyotubeba." Upande wa pili jirani yake, siku ile ile, kashika ndoo chini ya paa linalovuja: "Mvua hii ndiyo iliyoniponza." Chini yake Bi Kawasoe ameandika: *Sababu ni moja. Mmoja anashukuru, mwingine analaumu. Ukichanganya, utamlaumu mtu uliyetaka kumshukuru.*

Iwakiri alitumia misemo hiyo miwili tangu apate meno, lakini hakuwahi kuweza kumweleza mgeni tofauti yake. Akajua ameona mali.

"Mwalimu, humu ndani zinamfaa nani?"

"Hakuna. Nikifa zitatolewa Jumatano, pamoja na takataka za kuchomwa."

"Basi nipe mimi kabla ya Jumatano hiyo. Ziwe kitabu, watu wakipate kabla ya mtihani wa Kijapani wa Desemba."

Bi Kawasoe akazungusha kikombe chake. Ilionekana wazi kwamba kitabu anakitaka, anakitaka sana. "Maneno si yangu, Bosi. Ni ya watu wa mtaa. Lazima kwanza twende kuwasalimu."

Maana yake mlango kwa mlango, boksi la keki za maharage mkononi, kuinama na kuomba radhi kwa usumbufu ambao bado haujatokea. Nyumba sitini na moja.

"Na mwenye neno akitaka libadilishwe," akaongeza, "tutambadilishia."

"Tutabadilisha, Mwalimu, tutabadilisha." Iwakiri alikubali pale pale. Mtu aliyeishi kwa kubishana bei, siku hiyo hakubisha, na hilo ndilo lililomgharimu.

Walianza na duka la samaki la Bi Tsuruko. Kadi yake ilikuwa na misemo miwili ya uhakika. Wa kwanza: "Basi la saa tatu limeshapita, atakuwa amefika." Huyo ana ushahidi, amepiga hesabu. Wa pili, wa Bi Tsuruko mwenyewe juu ya mumewe: "Hakosi yuko kwenye mashine za kamari yule!" Huyo hana ushahidi wowote, ana uchungu tu.

"He! Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema, dada. Ulikuwa unapaa samaki."

"Mbele ya wageni! Watadhani wake wa Nichinan tuna midomo kama visu. Futa. Andika, 'Nadhani mume wangu ana shughuli kidogo.'"

"Lakini dada," Iwakiri akaingilia, "utamu wenyewe uko hapo."

"Utamu uuache kwenye keki zako, Bosi."

Mumewe akapaza sauti kutoka nyuma ya duka, "Andika nilikuwa kazini!"

"Nyamaza! Hukosi ulikuwa huko huko!"

Mkono wa Bi Kawasoe ulikwenda kwenye penseli wenyewe. Kisha akaandika kuhusu mume mwenye shughuli kidogo, akainama. Iwakiri naye akainama.

Ikawa hivyo karibu kila mlango. Aliyekuwa amefoka alitaka aonekane ameomba, na aliyelaumu alitaka ashukuru. Mwenye paa bovu naye aliomba aandikwe, "Mvua imenyesha vizuri." Ndani ya gari, Iwakiri akapasuka.

"Mwalimu, mtaa mzima sasa unaongea kama tangazo la redio! Tofauti iko wapi? Tuchape kadi za zamani, tufute majina, yaishe."

"Tumeahidi."

"Ahadi ya mlangoni hiyo!"

"Na wewe uliinama, Bosi. Nilikuwa pembeni yako, nilikuona."

Iwakiri akawasha gari. Sahihi ya mkono angeweza kuipinga; mgongo wake mwenyewe aliukunja mbele ya mashahidi.

Kadi zilizobadilishwa hazikuwa na la kufundisha tena, wakaziacha; zilibaki thelathini na nane za wale waliosema, "Nilisema, chapa." Kitabu kinene alichokipangia bei nzuri kilitoka Septemba kikiwa chembamba kama menyu ya mkahawa. Ilibidi akiuze rahisi. Wafanyakazi wa kiwanda cha kuku walikinunua kwa kuwa kinaingia kwenye mfuko wa aproni, na akachapa tena mara mbili. Hakupata utajiri, lakini hasara hakuiona.

Bi Kawasoe alipata jina lake kwenye jalada, na Desemba ile Wanepali wanne wakafaulu. Januari Iwakiri akaja kuulizia kitabu cha pili. Bi Kawasoe hakusema atalifikiria. Alimwambia waziwazi kwamba hakitakuwepo: siku hizi kila mtu anajua kwamba huandika, na akiingia zahanati, wagonjwa hunyoosha migongo, wanasemezana kwa adabu tupu mpaka aitwe na daktari. Nyuma yake, mlango ukishafungwa, ndipo husikia mtu anacheka na mwingine anafoka, na maneno hayamfikii.

Iwakiri alimaliza chai, akaaga. Kikombe cha pili hakuomba.