Mwaka Ambao Mama Aliomba Mwanamke Ashindwe

Mwezi uliopita, baada ya umra, nilimwomba dereva anipitishe mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Nyumba niliyolelewa imevunjwa. Pamesimama duka la simu, vioo vitupu. Nikabaki garini, na pua yangu, niamini rafiki yangu, ikanusa hiliki.

Mama alikuwa mpishi wa nesi mmoja kutoka Ayalandi. Walijuana Riyadh, na nesi alipohamia hospitali ya Jeddah alituchukua sote wawili, mama na mimi, msichana wa miaka tisa. Tulimwita madam, ingawa hakuwa na makuu. Alikula mahamri pamoja nasi pale pale jikoni, akiyashushia kwa chai nzito ya maziwa, huku redio ya mawimbi mafupi ikikoroma juu ya friji. Yeye na mama waliongea Kiarabu cha kubahatisha, kila mmoja akichomekea maneno ya kwao.

Mwaka huo wa 1990 redio ile haikupumzika. Kiangazi, nchi yake ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Walipotoka sare na Misri bila goli, mlinzi wetu wa getini, Mmisri, alimtania wiki nzima: "Madam, mafi goli? Hakuna goli?" Kwenye penalti dhidi ya Romania, madam aliuma leso ya mama mpaka ikatoboka.

Novemba ukaja uchaguzi wa rais. Wagombea walikuwa watatu, mmoja mwanamke, na nchi ile haikuwahi kuwa na rais mwanamke. Madam alikuwa ameondoka kwao akiwa amechoka kuambiwa nafasi ya mwanamke ni ipi.

"Akishinda huyu," akasema akigonga meza, "halas, narudi nyumbani. Wallahi!"

Mama akacheka. Madam alipotoka tu, kicheko kikakatika. Ngoja nikueleze. Bila madam, mama angelazimika kutafuta kafili mwingine, mwajiri wa kumdhamini kibali cha kukaa nchini, na nyumba nyingi hazikutaka mpishi mwenye mtoto. Mimi ningepelekwa kwa nyanya Mombasa, yeye abaki.

"Mwanangu, omba yule mwanamume ashinde."

"Lakini mama, si mwanamke mwenzetu?"

"Yalla, omba! Maswali baadaye."

Siku ya matokeo, hesabu ya kwanza ilimweka mwanamume mbele. Mama akakanda unga kwa nguvu mpya, akiimba chinichini. Sasa, kura za kwao zina utaratibu wake. Mpiga kura huwapanga wagombea: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho hutolewa, na kura zake huenda kwa yule aliyepangwa wa pili. Madam alituonyesha kwa mahamri katika sahani tatu. Alipoigawa ile sahani ndogo, mengi yakaangukia kwa mwanamke, akampita mwanamume. Mama akaacha kuimba.

Jioni redio ikasema vivyo hivyo. Madam akaketi sakafuni, akalia kama mtoto. Mama alisimama, mikono imejaa unga. Akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Halafu akapiga vigelegele, virefu, vya harusi hasa, mpaka mlinzi akaja kugonga dirisha.

"Nani anaolewa?"

"Mafi harusi!" mama akajibu. "Rais!"

Miezi michache baadaye madam akaenda zake. Nami nikaenda kwa nyanya. Mama akapata kazi Riyadh, tukawa watu wa kuonana likizo. Hata leo nikisikia habari kubwa, naisoma peke yangu kwenye simu, na hakuna anayeuma leso ya mwenzake. Jiko lile limekwenda, na mama ameshatangulia mbele ya haki.

Kabla mama hajafariki nilimuuliza: kwa nini alipiga vigelegele, naye alijua tutatengana?

Akanishangaa.

"Mwanamke kashinda, mwanangu. Ningenyamaza?"