Aliyepunguza bima ya gari langu

Leo mahakamani nimemjua aliyepunguza bima ya gari langu.

Fuso lisilo na bima lilinigonga pale Uyole. Kampuni yangu ikakataa kutengeneza gari, eti nilihama bima kubwa nikaenda ndogo, ambayo hailipii gari langu mwenyewe. Sikuhama, nikawashtaki.

Leo wakaleta fomu ya kuhama bima, imesainiwa.

Hakimu akaniuliza, "Mama, sahihi hii unaijua?"

Naijua. Ni ya mume wangu, Baba Neema. Na alikuwa amekaa nyuma yangu, kanisindikiza.

Akasimama taratibu. "Mheshimiwa, nilikuwa nabana matumizi. Nikasahau kumwambia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Wakili wangu akaninong'oneza, "Tulia dada. Gari ni lako na hukusaini wewe. Hapo ndipo tunaposhinda."

Kampuni wakaomba kesi iahirishwe.

Sasa hivi Baba Neema yuko jikoni anapika, hajatumwa na mtu.

Jamani, nimnunie au nimshukuru kwa kukiri?